Caproni Ca.60, ndege ya mabawa tisa: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Kila picha ya ndege hii inapoonekana, watu hucheka kwanza ndipo waulize. Ukiitazama haraka unaona kama nyumba ya mbao iliyowekewa mapazia, ikaachwa ielee ziwani. Maswali yaliyo hapa chini ndiyo yanayorudi mara nyingi. Nimeyajibu kwa urefu pale jambo lenyewe linapostahili urefu, kwa sababu naamini mashine hii ilifikiriwa kwa makini kuliko kicheko kinavyodai.

Ca.60 ilikuwa ndege gani hasa?

Ilikuwa ndege ya abiria ya majaribio, iliyojengwa Italia kuanzia 1919 na kampuni ya mhandisi Gianni Caproni. Ilikusudiwa kubeba abiria 100 pamoja na wafanyakazi 8. Ilikuwa na mabawa tisa na injini nane, haikuwa na mkia, na ilipaa na kutua juu ya maji. Ilijengwa moja tu. Iliruka mara mbili, mwanzoni mwa 1921, juu ya Ziwa Maggiore kaskazini mwa Italia, na mara ya pili ikaanguka ziwani.

Urefu wake ulikuwa mita 23.45, mabawa yalitanda mita 30 kutoka ncha hadi ncha, na kimo kilikuwa mita 9.15, sawa na nyumba ya ghorofa mbili au tatu. Ikiwa tupu ilikuwa na uzito wa tani 14. Ikiwa imejaa ilitakiwa ipae na tani 26.

Mbona ina majina mengi?

Kiwandani iliitwa Modello 3000. Jina Transaereo ndilo lililotangazwa kwa umma. Noviplano maana yake ni ndege ya mabawa tisa, na Capronissimo ni jina la utani, kama vile kusema "Caproni kubwa kuliko zote". Ca.60 ni namba iliyotolewa baadaye, ndege za Caproni zilipopangwa upya kwa orodha moja. Yote ni ndege ileile.

Gianni Caproni alikuwa nani?

Alizaliwa 1886 Massone, karibu na Arco, katika nchi ya Trentino ambayo wakati huo ilitawaliwa na Austria-Hungaria. Alisomea uhandisi Munich, kisha umeme huko Liège, Ubelgiji. Ndege yake ya kwanza iliruka Mei 1910 katika nyika ya Malpensa, mahali ambapo leo kuna uwanja mkubwa wa ndege wa Milan, na ilivunjika ilipokuwa inatua. Hakukata tamaa.

Vita vya Kwanza vya Dunia ndivyo vilivyompa jina. Ndege zake za injini tatu zilikuwa miongoni mwa ndege kubwa za kudondosha mabomu zilizotumiwa na nchi washirika. Kwa hiyo alipoanza Ca.60 hakuwa mtu wa kubahatisha. Walikuwa wachache mno duniani waliojua kama yeye namna ya kuinua mzigo mzito kwa mbao, kitambaa na waya.

Kwa nini mtengenezaji wa ndege za vita aligeukia abiria?

Kwa sababu vita viliisha Novemba 1918, na oda za serikali zikaisha navyo. Viwanda vilibaki na mafundi, karakana na mbao, lakini bila mteja. Caproni, kama wenzake wa Uingereza na Ufaransa, alianza kwa kuzifanyia marekebisho ndege za mabomu ili zibebe watu.

Mojawapo ilikuwa Ca.48, iliyotokana na ndege ya mabomu yenye mabawa ya tabaka tatu. Tarehe 2 Agosti 1919 ilikuwa inatoka Venice kurudi Taliedo, jirani na Milan, ikaanguka karibu na Verona. Watu wasiopungua 14 waliokuwa ndani walikufa wote. Hiyo ndiyo ajali kubwa ya kwanza ya usafiri wa anga wa kiraia nchini Italia. Ninaitaja kwa sababu watu huisimulia Ca.60 kana kwamba ilizuka katika ndoto ya mtu mmoja. Ilizaliwa katika mwaka ule ule wa msiba, kwa mtu aliyejua fika kwamba kubeba abiria si sawa na kubeba mabomu.

Kwa nini abiria 100? Si idadi hiyo ilikuwa kubwa mno?

Ilikuwa kubwa mno kwa kipimo chochote cha wakati ule. Farman Goliath ya Wafaransa, iliyoanza kubeba wasafiri kati ya Paris na Brussels mwezi Machi 1919, ilichukua watu kama 12. Caproni aliruka kutoka dazeni moja hadi mia kwa hatua moja.

Lakini hesabu yake ilikuwa na maana. Ndege ya watu 12 inahitaji rubani, fundi, mafuta, banda na bima karibu sawa na ndege kubwa, na nauli zinazokusanywa ni 12 tu. Usafiri wa anga wa miaka ile ulikula fedha za serikali kwa sababu hiyo. Caproni alitaka ndege ijilipe yenyewe, kama meli inavyojilipa. Fikra hiyo ndiyo inayoendesha mashirika ya ndege mpaka leo.

Sasa, mabawa tisa ya nini?

Hili ndilo swali kuu, na jibu lake ni la kiseremala.

Bawa huinua ndege kwa eneo lake. Ukitaka kuinua tani 26 kwa mwendo mdogo wa ndege za 1920, unahitaji eneo kubwa sana, na Ca.60 ilikuwa na zaidi ya mita za mraba 800 za bawa. Gawanya tani 26 kwa eneo hilo: kila mita ya mraba inabeba kilo 31 tu. Eneo hilo lote ungeliweka wapi? Ukitengeneza bawa moja refu la mbao, litavunjika kwa uzito wake, maana mbao ina kikomo cha urefu inaoweza kuuvuka bila nguzo.

Aliyeingia nyumba za kale za mawe za Lamu au Unguja analijua jambo hili bila kufundishwa. Vyumba vyake ni virefu lakini vyembamba, kwa sababu upana wa chumba ni urefu wa boriti ya mkoko inayobeba dari. Mwenye nyumba akitaka nafasi zaidi haongezi upana wa chumba. Anaongeza chumba kingine mbele yake, na ghorofa juu yake.

Caproni alifanya vivyo hivyo angani. Alichukua muundo wa tabaka tatu alioujua tangu vita, yaani bawa juu ya bawa juu ya bawa, akaujenga mara tatu: seti moja mbele, moja katikati, moja nyuma. Tatu mara tatu ni tisa. Tabaka hizo zilifungwa pamoja kwa nguzo na nyaya nyingi, na seti za mbele, kati na nyuma zikaunganishwa kwa fremu ndefu zilizopita pande zote mbili. Ukiitazama kwa jicho hilo, ile "nyumba inayoelea" ni suluhisho la fundi aliyekuwa na mbao tu mkononi.

Hasara ipo, nayo ni kubwa. Kila nguzo na kila waya hukamata upepo na kuirudisha ndege nyuma. Zaidi ya hapo, bawa likishapita huacha nyuma yake hewa iliyovurugika na inayoelekea chini. Bawa la seti ya katikati hufanya kazi katika hewa iliyotumika, na la nyuma katika hewa iliyotumika mara mbili. Kwa hiyo mabawa tisa hayakuinua mara tisa ya bawa moja.

Bila mkia, ingewezaje kuongozwa?

Ndege ya kawaida huinua na kushusha pua kwa kutumia mkia. Caproni aliona kwamba akiwa tayari ana mabawa mbele kabisa na nyuma kabisa, mabawa hayo yenyewe yanaweza kufanya kazi hiyo. Kingo za nyuma za mabawa zilikuwa na vipande vinavyokunjika. Vya seti ya mbele na ya nyuma vikikunjwa kwa namna tofauti, pua inapanda au kushuka. Vya kulia na kushoto vikikunjwa kwa namna tofauti, ndege inalala upande. Kugeuka kulia na kushoto kulitegemea usukani uliosimama wima kati ya mabawa ya nyuma.

Kwenye karatasi inapendeza. Mimi naona hapa ndipo hatari ilipojificha. Hakuna rubani duniani aliyekuwa amewahi kurusha mashine inayoitikia usukani kwa namna hiyo, wala hapakuwa na ndogo yake ya kujifunzia.

Injini zilitoka wapi?

Marekani. Zilikuwa Liberty L-12, injini ya mitungi 12 iliyobuniwa 1917 Marekani ilipoingia vitani na kutengenezwa kwa maelfu. Kila moja ilitoa nguvu za farasi 400, kwa hiyo nane zilitoa 3,200. Mwaka 1920 hapakuwa na injini nyingi zenye nguvu kiasi hicho ambazo mtu angeweza kuzipata kwa wingi.

Zilipangwa nne mbele na nne nyuma. Katikati ya kila kundi injini mbili zilipeana mgongo, moja ikivuta kwa panga boi la mbele na nyingine ikisukuma kwa panga boi la nyuma, na nyingine mbili zilikaa pembeni.

Rubani aliwezaje kuzidhibiti injini nane peke yake?

Hakuweza, na hakutakiwa. Wahandisi walikuwamo ndani ya ndege wakati wa kuruka, wakikaa na injini ili waziongoze. Shida ilikuwa mawasiliano. Kelele za Liberty nane haziruhusu mtu kusikia hata akipigiwa ukelele sikioni. Caproni aliweka mfumo wa taa za umeme: rubani alikuwa na ubao wa kutumia ishara, na wahandisi walisoma taa kujua injini ipi iongezwe moto na ipi ipunguzwe. Meli za wakati ule zilikuwa na utaratibu wa namna hiyo kati ya nahodha na chumba cha mashine.

Nalipenda sana jambo hili dogo. Mtu anayefikiria namna watu wawili watakavyoelewana katikati ya kelele hafanyi mchezo. Lakini pia lina athari yake: amri ya rubani ilipita kwa mtu mwingine kabla ya kufika kwenye injini, na kila kupita kunakula muda.

Abiria wangekaa wapi?

Ndani ya mwili wa ndege wenyewe, ambao ulikuwa kama mashua iliyofunikwa. Madirisha yalikuwa makubwa, ya kutazama mandhari. Viti vilikuwa mabenchi ya mbao yaliyoelekeana, wawili wakitazama mbele na wawili wakitazama nyuma, kama behewa la treni. Choo kilikuwamo. Rubani na msaidizi wake walikaa ubavu kwa ubavu mbele, mahali pasipo paa, wakipigwa na upepo.

Kwa nini ilitua majini?

Viwanja vya ndege vilikuwa vichache, vidogo, na vyenye matope. Ndege ya tani 26 ingezama ardhini au ingehitaji mbio ndefu kuliko uwanja wowote uliokuwapo. Ziwa na bahari havijengwi, na miji mikubwa mingi iko kando ya maji. Wazo hilo lilitawala safari ndefu kwa miaka ishirini iliyofuata.

Huku kwetu lilifika pia. Mwaka 1937 ndege za majini za Imperial Airways, zikienda Afrika Kusini, zilitua Kisumu, Mombasa, Dar es Salaam na Lindi. Zilichukua abiria wasiozidi 24 hivi. Yaani miaka 16 baada ya Ca.60, ndege bora ya njia hiyo ilibeba robo tu ya watu aliowakusudia Caproni.

Ili isilale ubavu majini, Ca.60 ilikuwa na vyelezo viwili, kimoja kila upande. Ni kazi ileile ya ndubi za ngalawa. Vilibuniwa na Alessandro Guidoni, mmoja wa wahandisi wakubwa wa ndege za majini wa Italia, ambaye alikufa 1928 akijaribu mwavuli wa kurukia kutoka angani. Mji wa Guidonia karibu na Roma umepewa jina lake.

Ilijengwa wapi, na ilichukua muda gani?

Kazi ilianza katika nusu ya pili ya 1919. Mwaka 1920 banda kubwa lilijengwa Sesto Calende, kwenye ncha ya kusini ya Ziwa Maggiore, pale mto Ticino unapotoka ziwani. Vipande vilitoka kwa mafundi mbalimbali, wengi wao waliokuwa wamefanya kazi na Caproni wakati wa vita, vikaunganishwa hapo. Magazeti yalisifu. Balozi wa Marekani nchini Italia, Robert Underwood Johnson, alikwenda kuitazama.

Januari 1921 injini zilijaribiwa, za mbele kwanza, kisha baadhi ya za nyuma, na hapakuonekana mtikisiko wa hatari. Ruhusa ya kuruka ikaombwa na ikatolewa haraka. Kilichochelewesha ni maji. Ziwa lilikuwa limeshuka, na njia ya mteremko ya kuishushia ndege haikufika vizuri majini, na katika shughuli ya kuishusha baadhi ya mbavu za mabawa zilivunjika. Zikatengenezwa. Mwezi Februari ndege ikaelea.

Ni kweli iliruka, au iliteleza tu juu ya maji?

Iliruka. Rubani alikuwa Federico Semprini, aliyewahi kuwa mwalimu wa marubani wa jeshi na aliyejulikana kwa kuibiringisha ndege nzito ya mabomu ya Caproni duara zima angani, jambo ambalo wengi hawangethubutu. Tarehe 12 Februari 1921, ikiwa kwenye mwendo wa kilomita 80 hivi kwa saa, ndege iliacha maji kwa muda mfupi. Ilitulia na ikamsikiliza rubani. Mashine ambayo wengi walisema haitanyanyuka ilikuwa imenyanyuka.

Nini kilitokea tarehe 4 Machi 1921?

Safari hii ndege ilipakiwa mifuko ya mchanga badala ya abiria, ili ionekane itakavyokuwa ikiwa na watu. Semprini aliongeza mwendo mpaka kilomita 100 au 110 kwa saa, kisha akauvuta usukani kwake. Ndege ikatoka majini ghafla, na pua ikaendelea kupanda kuliko alivyotaka. Akapunguza moto wa injini. Sehemu ya nyuma ikaanza kushuka, mwendo ukapotea, na ndege haikutii tena. Nyuma ikagonga maji kwanza, kisha pua ikajipiga juu ya ziwa kwa nguvu. Sehemu ya mbele ya mwili ikapasuka na seti ya mabawa ya mbele ikaporomoka majini pamoja nayo. Seti ya kati na ya nyuma zilibaki zinaelea.

Caproni hakuwapo. Alikuwa njiani kwa gari kutoka Vizzola Ticino, akachelewa. Alipofika alikuta mabaki. Katika maneno aliyoandika baadaye alikiri kwamba kazi ya miaka ilikuwa imepotea kwa dakika moja, na akajitia moyo kwamba anayetaka maendeleo hana budi kuvumilia maumivu.

Kuna aliyekufa?

Hapana. Semprini na wahandisi waliokuwa naye walitoka salama.

Nani alaumiwe?

Wakati ule lawama zilikwenda pande mbili. Moja ni mawimbi ya meli ya moshi iliyokuwa inapita karibu, yaliyosemekana kuivuruga ndege ilipokuwa inataka kupaa. Nyingine ni Semprini mwenyewe, kwamba aliuvuta usukani kwa nguvu mno.

Maelezo ya baadaye ndiyo yanayonishawishi zaidi, nayo yanahusu ile mifuko ya mchanga. Haikuwa imefungwa imara. Pua ilipoinuka, mifuko ingeteleza kwenda nyuma, na kila mfuko unaokwenda nyuma huifanya pua ipande zaidi, na pua ikipanda zaidi, mifuko mingine huteleza.

Kwa watu wa pwani hili halihitaji michoro. Farumi, yaani uzito unaowekwa chini, ndiyo inayokiweka chombo sawa, na nahodha hawezi kuondoka bandarini kabla hajajua mzigo umekaa vipi kati ya omo na tezi, yaani mbele na nyuma. Shehena ikihama wakati chombo kimeinamia upepo, usukani haumsaidii tena. Ndege ina uzito wa kusawazisha kama jahazi, tena haina maji ya kuishikilia chini yake. Ca.60 ilikuwa mbaya zaidi kwa jambo hili kwa sababu chumba chake kilikuwa kirefu na wazi, na njia yake ya kushusha pua ilikuwa ngeni kwa kila mtu.

Ndiyo maana siwezi kumlaumu Semprini. Kama mzigo ulihama, alikabidhiwa ndege moja gatini na akawa na ndege nyingine hewani. Na kama haukuhama, bado ilikuwa mara yake ya pili tu kuwa hewani na mashine isiyofanana na nyingine yoyote. Wenye makosa ni waliotaka kujaribu kuruka na mzigo mkubwa kabla ya kuijua ndege ikiwa nyepesi.

Kwa nini haikutengenezwa upya?

Mabaki yalikokotwa hadi Sesto Calende, na mkokoto huo ukayaharibu zaidi. Makadirio yakawa kwamba kuitengeneza kungegharimu theluthi moja ya fedha zote zilizoijenga. Kampuni haikuwa na uwezo huo, na mradi ukaachwa.

Husemwa ilikusudiwa kuvuka Atlantiki. Ingeweza kweli?

Hiyo iliyojengwa, hapana. Umbali wake ulikadiriwa kuwa kilomita 660, na mwendo wake wa juu kilomita 130 kwa saa. Hizo ni takriban kilomita za angani kutoka Nairobi hadi Dar es Salaam, kwa saa tano au zaidi. Alcock na Brown walipovuka Atlantiki bila kutua, Juni 1919, walisafiri zaidi ya kilomita 3,000.

Fanya hesabu ya mzigo uone. Tani 26 ukitoa tani 14 za ndege tupu, zinabaki 12. Abiria 100 kwa kilo 75 kila mmoja ni tani 7.5. Wafanyakazi wanane ni kilo 600. Zilizobaki, chini ya tani 4, ni za mafuta, mafuta ya kulainishia na mizigo ya watu, na kuna Liberty nane zenye kiu. Atlantiki ilikuwa lengo la baadaye, la ndege ambayo ingefuata hii.

Lau isingeanguka, ingefaa?

Nadhani ingeruka, na ingewafunza watu mengi, lakini isingekuwa biashara. Upepo unaokamatwa na msitu ule wa nguzo ungekula mafuta mengi mno, na Italia yenyewe ilipata safari za ndege za ratiba Aprili 1926 tu, kati ya Turin na Trieste, kwa ndege ndogo za majini.

Hata hivyo wazo la watu mia lilikuwa la kweli. Tarehe 21 Oktoba 1929, ndege ya majini ya Kijerumani Dornier Do X iliruka ikiwa na watu 169 ndani. Ilikuwa na injini 12 na bawa moja kuu, lililotanda mita 48 kutoka ncha hadi ncha. Kilichobadilika katika miaka minane ni chuma chepesi: bawa refu liliweza kushikiliwa kwa nguzo chache tu. Caproni alilijua vizuri alilotaka. Boriti yake ndiyo iliyokuwa fupi.

Jina Caproni lina uhusiano wowote na Afrika Mashariki?

Lina uhusiano wa uchungu. Ndege za kampuni yake, hasa Ca.133, zilitumika kupiga mabomu Ethiopia katika uvamizi wa Italia wa 1935 na 1936, na Juni 1940 Caproni zilishambulia Wajir, kaskazini mwa Kenya. Ca.60 yenyewe haikuwahi kutoka ziwani kwake. Naona si haki kuisifu ndoto yake ya abiria na kuyanyamazia haya.

Niliiona kwenye katuni. Picha zake ni za kweli?

Wengi waliifahamu kupitia filamu ya katuni ya Kijapani ya 2013, ambamo Caproni ni mmoja wa wahusika. Lakini picha za mnato za 1921 ni halisi. Kama unaona mabawa matatu matatu katika seti tatu na milima nyuma ya ziwa, ni yenyewe.

Mabaki yake yako wapi leo?

Caproni na mkewe Timina walikuwa na tabia ambayo watengenezaji wengi hawakuwa nayo: walihifadhi. Mwaka 1927 walianzisha makumbusho ya ndege zao, na kutokana na hayo vipande vya Ca.60 vilisalimika. Katika mkusanyo wa Makumbusho ya Anga ya Gianni Caproni huko Trento vimo vyelezo viwili vya pembeni, sehemu ya chini ya pua, ubao wa mawasiliano na injini moja ya Liberty. Kipande cha fremu ya pembe tatu iliyounganisha mabawa kipo Volandia, makumbusho yaliyo katika karakana za zamani za Caproni karibu na uwanja wa Malpensa. Ukifika mbele ya ubao wa mawasiliano, utafute mahali pa taa: ndizo zilizokuwa zikizungumza na wahandisi siku zile za 1921.